Wasomaji Wauliza: Choo, Shawa na Ndoo Ndani ya Mita Moja na Robo

Barua zilizotufikia mwezi huu kuhusu vyoo na mabafu ya nyumbani ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua nne, zote za wakazi wa Dar es Salaam, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa vipimo vyake vinakaribiana na vya vyumba vingi vinavyojengwa jijini.

SWALI

Mheshimiwa mwandishi, shikamoo. Tunajenga Tabata Segerea na nyumba imefika kwenye lenta. Chumba tulichomtengea mama mkwe wangu kina choo cha ndani ambacho, kikipimwa tofali kwa tofali, kina upana wa sentimita 130 na urefu wa sentimita 240. Mlango uko katika ukuta mfupi wa kusini. Ukuta mfupi wa kaskazini na ukuta mrefu wa mashariki ni kuta za nje, na chemba ya kwanza itakuwa upande wa mashariki, mita mbili hivi kutoka ukutani. Fundi anataka sinki la choo liwe mwisho kabisa, chini ya dirisha, likitazama mlango. Shawa iwe katikati. Na beseni la kunawia liwe karibu na mlango, ambao utafungukia ndani. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na ni mtu wa swala tano. Naona kuna kitu hakijakaa sawa lakini sijui ni kipi. Je, tumfuate fundi?

Mama wa watoto watatu, Tabata Segerea

JIBU

Marahaba, dada yangu, na utufikishie salamu kwa mama. Msimfuate fundi katika hili, ingawa hana kosa kubwa: amepanga vifaa kama vinavyopangwa dukani, kabla ya kuuliza ni nani atakayevitumia na maji machafu yatatokea wapi. Mmeuliza kwa wakati, kwa kuwa mabomba ya maji taka bado hayajafukiwa chini ya sakafu, na kwa sasa yanaweza kuhamishwa kwa chaki badala ya nyundo.

Kwanza tukubaliane juu ya ukubwa wa chumba, maana zile sentimita 130 si zenu zote. Lipu huchukua takriban sentimita moja na nusu, saruji ya kugandishia pamoja na kigae huchukua nyingine moja na nusu, na hayo hutokea kila upande. Chumba atakachoingia mama kitakuwa na sentimita 124 kwa 234, na kila hesabu inayofuata hapa inaanzia kwenye namba hizo. Somo hili nililipia mwenyewe. Nilipokuwa najenga, nilinunua Kariakoo sinki la choo la aina inayotolea maji chini, sakafuni, ambalo lilitaka katikati ya tundu la bomba iwe sentimita 30 kutoka ukutani. Nikampa fundi kipimo hicho, naye akakifuata barabara, ila alipima kutoka kwenye tofali tupu kwa sababu sikumwambia vinginevyo. Ukuta ulipovaa lipu na vigae zikabaki sentimita 27, na tangi la nyuma likagoma kukaa. Tulitindua vigae vipya kwa patasi mchana kutwa, na kovu lile lipo hadi leo nyuma ya choo changu.

La pili ni kibla. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Dar es Salaam: jiji letu liko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na kidogo mashariki, nayo Makka haijafika nyuzi 40. Sinki lililowekwa chini ya dirisha la kaskazini na kutazama mlango wa kusini litamfanya mama akipe kibla mgongo kila anapoketi, jambo ambalo Waislamu wengi huliepuka kama wanavyoepuka kukielekea. Sinki likiegemea ukuta wa mashariki, atatazama magharibi, na suala hilo litakuwa limekwisha bila kugharimu hata shilingi moja. Ramani zinazouzwa zikiwa zimekwisha kuchorwa haziwezi kujua kiwanja chenu kimeelekea wapi, kwa hiyo kazi ya kuutafuta upande wa kaskazini hubaki kwa mwenye nyumba.

Sasa ugawanyeni ule urefu wa sentimita 234 kuanzia kaskazini. Sentimita 90 za mwanzo, kwa upana wote wa chumba, ziwe za kuogea. Dirisha likiwa juu yake, unyevu utatoka palepale unapoanzia, na upepo wa kaskazi wa kuanzia Desemba hadi Machi utasaidia kukausha sakafu. Sentimita 80 zinazofuata ziwe za choo, na katikati ya sinki iwe na sentimita 40 kila upande. Zikipungua 38, mtu mzima huanza kukunja viwiko. Masinki mengi yana sentimita 65 hadi 70 kutoka ukutani hadi ncha ya mbele. Kwa upana wenu wa 124, sinki la 65 litaacha sentimita 59 za magoti na la 70 litaacha 54, na kwa mgonjwa wa magoti hizo tano zina thamani kuliko rangi au jina lililoandikwa kwenye tangi. Nendeni dukani na futi kamba. Sentimita 64 zilizobaki ni za mlango na beseni. Chagueni beseni dogo la kutundika, lenye upana wa sentimita 40 na kina cha 30, nalo likae kwenye ukuta uleule wa mashariki.

Mpango huu unaviweka vifaa vyote vitatu kwenye ukuta mmoja wa nje, na chemba iko nyuma yake. Bomba la choo la inchi 4 litatoka moja kwa moja bila kona, likishuka sentimita mbili na nusu kwa kila mita, yaani sentimita tano tu hadi kufika kwenye chemba. Bomba la kuogea la inchi 2 na lile la beseni la inchi moja na nusu yatakuwa mafupi pia, na bomba fupi lililonyooka haliwapi nywele na sabuni mahali pa kukwama. Katika mpango wa fundi, hata kama mabomba yangekubali, maji ya shawa ya katikati yangelowesha njia ya kwenda chooni, na mama anayeamka saa tisa usiku angelazimika kuvuka sakafu yenye povu ili afike.

Mlango ufungukie nje, yaani chumbani. Hoja ya wanaopenda ufungukie ndani ni kwamba hauonekani ukiwa wazi wala haugongi kitanda, na ni hoja ya haki. Lakini mtu akianguka ndani ya choo chembamba kama hiki, mwili wake ndio unaouzuia mlango usifunguke, na wanaokuja kumsaidia hubaki wakisukuma. Kama kitanda hakihamishiki, wekeni mlango wa kuteleza ubavuni mwa ukuta. Upana wa mlango uwe sentimita 75, nao usogezwe upande wa magharibi: beseni likichukua 30 kutoka mashariki zinabaki 94, ambazo zinautosha mlango na fremu yake. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu.

Sakafu ndiyo inayohitaji jicho la mwenye nyumba kuliko kitu kingine chochote. Mafundi wetu wana mazoea ya kuzungushia sehemu ya kuogea kizingiti cha tofali, ambacho kwa kijana ni hatua moja na kwa mama ni ukuta. Kikatazeni. Badala yake sakafu ya kuogea ianze sentimita mbili chini ya sakafu ya choo, kwa mteremko mwanana badala ya ngazi, kisha iendelee kushuka sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, ambalo likae kwenye pembe ya kaskazini mashariki, jirani na ukuta wa nje. Kwa sehemu hiyo tumieni vigae vidogo, au vya sentimita 30 vikatwe, kwa sababu kigae cha 60 kwa 60 ni kipana mno kuinamia pande mbili kwa wakati mmoja, na fundi akilazimisha, kona zake huinuka na kuumiza vidole. Uso wa kigae uwe wa kukwaruza. Ule unaong'aa kama kioo uachieni sebule. Kabla kigae hata kimoja hakijabandikwa, mwageni ndoo nzima ya maji juu ya saruji iliyokauka, subirini dakika tano, kisha mtazame. Palipo na dimbwi pachorwe kwa chaki na pasawazishwe mbele yenu, maana dimbwi la siku hiyo ndilo mtakalokuwa mkilifagia kila asubuhi.

Kwa kuwa chumba ni chembamba, ukuta wa magharibi utakuwa mbele ya mama kwa urefu wa mkono tu anapoketi, na hapo ndipo mahali pa mshikio wa chuma kisichoshika kutu, kwa kimo cha sentimita 85 hivi, wa kujivutia anapoinuka. Mshikio wa pili uwe mahali anapoingilia shawa. Mwambieni fundi sasa hivi, ukuta ukiwa bado utupu, mishikio itakaa wapi, ili skrubu zake zishike kwenye tofali imara au zege. Mshikio ulioshikwa na lipu peke yake ni hatari kuliko kutokuwa na mshikio, kwa sababu mtu huuamini. Koki ya kujisafishia nayo ina upande wake. Akitazama magharibi, mkono wake wa kulia uko kaskazini, upande wa shawa, na kwa kuwa kopo au mpira hushikwa kwa kulia, koki iwe upande huo, kwa kimo cha sentimita 60 hivi. Nimeona nyumba nzuri ambamo mwenye kuketi hujipinda kiuno kuitafuta koki iliyowekwa nyuma ya bega la kushoto.

Kuna kifaa cha nne ambacho sijakikuta kwenye ramani yoyote, nacho kimo katika mabafu yetu karibu yote: ndoo. Siku maji yanapokatika, shawa ya bei kubwa hugeuka pambo, na kila kazi ya bafuni hufanywa kwa ndoo na kopo. Ikiwa haikupangiwa mahali, itakaa mlangoni au mbele ya choo, palepale tulipookoa sentimita tano kwa shida. Ndoo ya lita 20 ina kipenyo cha sentimita 30 na ushei. Sehemu yenu ya kuogea ina upana wa 124. Mtu mmoja akipewa 90 za kusimama zinabaki 34, na ndoo inaenea kwenye pembe ya magharibi bila kumgusa mtu. Juu yake iwekwe koki ya pekee, kwa kimo cha sentimita 50, ili ndoo ipite chini ya mdomo wake na mama asilazimike kuinama kuiinua: anakinga maji palepale anapoogea. Iwe na mfuniko, kwa sababu mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, na maji yaliyowekwa akiba chumbani humfaa sana.

Kabla hamjanunua chochote, chukueni chaki mkauchore mpango huu wote kwa ukubwa wake halisi, kwenye ardhi ya chumba hichohicho au uani penye sakafu. Wekeni kiti cha plastiki mahali pa sinki la choo, ndoo mahali pa ndoo, na ubao wa sentimita 75 mahali pa mlango. Kisha mleteni mama aingie, aketi, ainuke, anyooshe mkono kutafuta koki. Akisema panambana, sogezeni mstari. Chaki haina gharama ya kufutwa.

SWALI

Ndugu mwandishi, sisi tuko Mbagala Charambe, familia ya watu wanane. Tumebakiza chumba kimoja cha sentimita 150 kwa 210 kando ya korido, na ukuta wa pili wa urefu huo unatazama nje. Mke wangu anasema choo na bafu viwe pamoja ili pawe papana. Mimi nataka vitenganishwe kama nyumba tuliyokulia. Nani yuko sahihi?

Baba wa familia, Mbagala

JIBU

Ndugu yangu, kwa familia ya watu wanane tunasimama upande wako, ingawa sababu si mazoea ya nyumba uliyokulia. Kama kila mtu atatumia dakika kumi asubuhi, chumba kimoja kinataka dakika 80, na wa mwisho atachelewa shule au daladala. Vikiwa viwili, mmoja anaoga wakati mwingine yuko chooni, na foleni inapungua karibu nusu.

Nafasi inatosha, lakini kwa shida. Baada ya lipu na vigae mtakuwa na sentimita 144 kwa 204. Ukuta wa kati wa tofali la inchi 5, pamoja na mapambo yake ya pande mbili, utakula sentimita 18 na nusu. Zilizobaki mgawanye 90 kwa choo na 95 kwa bafu, kila kimoja kikiwa na mlango wake wa koridoni na dirisha lake dogo la juu upande wa nje. Katika choo, sinki liegemee ukuta wa nje na kutazama mlango. Mbele yake zitabaki sentimita 74 au zaidi kidogo, ambazo mlango wa kufungukia ndani ungezimaliza zote, kwa hiyo milango yote miwili ifungukie koridoni. Kama korido yenu ni nyembamba, bawaba zipangwe ili milango isigongane.

Hoja ya mke wako ya upana iheshimiwe kwa njia nyingine: beseni la kunawia litoeni nje ya vyumba vyote viwili, likae ukutani koridoni. Wageni watanawa kabla ya kula bila kupita chooni, watoto watapiga mswaki wakati bafu lina mtu, na ndani mtakuwa mmeokoa nafasi ya ndoo. Jambo moja la kuamua mapema ni kama choo kitakuwa cha kukaa au cha kuchuchumaa, kwa kuwa cha kuchuchumaa kinahitaji shimo la kina kwenye sakafu kwa ajili ya shingo yake, na zege likishamwagwa mjadala wenu utakuwa umefungwa na fundi.

SWALI

Shikamoo mwandishi. Nimenunua kiwanja Kigamboni, mita 20 kwa 30, na kisima kimeshachimbwa kwenye kona ya mbele kushoto. Maji yake yana chumvi kidogo. Nimepanga mnara wa mita tatu na simtanki la lita 1,000. Jirani yangu aliyejenga hivyohivyo analalamika kwamba shawa yake inadondosha tu, haimwagi. Ramani yangu bado inaweza kubadilishwa. Bafu likae upande gani?

Kijana anayeanza maisha, Kigamboni

JIBU

Marahaba, kijana. Una maswali mawili yanayovutana, na la kwanza ni la afya. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba shimo la maji taka liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima. Katika kiwanja chako upana wote ni mita 20, na urefu wa mita 30 unakupeleka hadi kwenye mpaka wa jirani. Ulalo tu, kutoka kona hadi kona, ndio unaofika mita 36. Kwa hiyo shimo lako lina mahali pamoja panapokubalika, ambapo ni karibu na kona ya nyuma kulia, na kwa kuwa bomba la choo linapaswa kuwa fupi, bafu nalo linavutwa upande huohuo wa nyumba. Muulize jirani wa nyuma kisima chake kiko wapi, maana maji ya ardhini hayajui mipaka ya viwanja. Wakati wa masika, maji ya ardhini yanapopanda katika maeneo ya mabondeni na ya pwani, shimo la kunyonya hushindwa kumeza na choo hurudisha. Hivyo pembe hiyo isiwe ndiyo sehemu ya chini kabisa ya kiwanja.

Sasa shawa. Nguvu ya maji yanayoshuka yenyewe hutokana na tofauti ya kimo kati ya maji yaliyomo tangini na kichwa cha shawa, wala ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Mnara una mita tatu. Sakafu ya nyumba nyingi imeinuliwa kama nusu mita kutoka ardhini, na kichwa cha shawa kiko mita mbili juu ya sakafu. Jumla ni mita mbili na nusu. Tangi linapokaribia kuisha, unabakiwa na nusu mita ya msukumo, na hiyo ndiyo sababu jirani yako anaona matone. Ukiinua mnara hadi mita tano, tofauti inakuwa mita mbili na nusu, mara tano ya awali, na mtu anaoga vizuri kwa kichwa cha shawa chenye matundu mapana. Lakini lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja kabla ya kuhesabu mnara wenyewe, kwa hiyo nguzo na msingi wake visikadiriwe kwa macho.

Mnara usiujenge karibu na kisima kwa sababu tu pampu iko hapo. Pampu ina nguvu ya kusukuma maji hadi nyuma ya nyumba. Maji yanayoshuka kutoka tangini hayana. Uweke nyuma, jirani na bafu, ushushe bomba la inchi moja hadi karibu na koki, ndipo upunguze, na kona uzihesabu: kila kona inakula sehemu ya ile mita mbili na nusu. Maji ya chumvi hula rangi ya fedha ya koki za bei nafuu na huacha ukoko mweupe kwenye matundu ya shawa, kwa hiyo nunua kichwa kinachofunguka kwa mkono, ili ukiloweke kwenye siki mara kwa mara.

Ukija kuweka hita ya umeme ya papo kwa papo, mwambie fundi umeme kabla ya lipu, kwani inahitaji waya wake mnene na waya wa ardhini uliofungwa kweli, nayo hukataa kuwaka pale msukumo wa maji unapokuwa mdogo. Swichi yake ikae nje ya mlango.

SWALI

Mimi ni mpangaji Sinza. Bafu langu ni dogo na safi, ninalisugua kila siku, lakini asubuhi linanuka kama chemba. Kuna tundu la maji karibu na shawa na jingine karibu na mlango. Mwenye nyumba anasema ni uchafu wangu. Naomba msaada kabla sijagombana naye.

Mpangaji, Sinza

JIBU

Dada au kaka mpendwa, usigombane; mwalike mwenye nyumba aje na ndoo. Chini ya kila tundu la sakafu panatakiwa kuwe na shingo iliyopinda inayobaki na maji, kina cha sentimita tano hivi, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya chemba isipande. Tundu lako la karibu na shawa hupata maji kila siku. Lile la mlangoni halipati, na kwa joto la Dar es Salaam maji ya shingo yake hukauka, mlango ukabaki wazi usiku kucha huku dirisha na mlango wa bafu vikiwa vimefungwa. Mimina lita mbili za maji kwenye tundu hilo jioni. Asubuhi kukiwa hakuna harufu, umepata jibu: endelea kumimina mara moja kwa wiki, au mwombe mwenye nyumba alizibe kabisa, kwa maana chumba kidogo kilichopewa mteremko sahihi kinahitaji tundu moja tu.

Harufu ikibaki, vuta maji ya choo ukiwa umeinama karibu na tundu la shawa, usikilize. Likiguguma kama chupa inayomiminwa, nyumba haina bomba la kupumulia au limeziba. Maji ya choo yanapokwenda kwa kasi hukosa hewa nyuma yake, nayo huinyonya kupitia shingo za jirani na kuziacha tupu. Hilo ni kosa la aliyeyapanga mabomba tangu mwanzo, na halisuguliki kwa sabuni. Tiba yake ni bomba la kusimama linalounganishwa na bomba la choo na kupanda hadi juu ya paa, likiwa mbali na madirisha, na kwa kuwa linapita ukuta wa nje, fundi bomba anaweza kulifunga bila kugusa vigae vyako.